Muhuri wa Fabius

"Kitabu kisipande ndege, mwanangu."

Sauti ya Mzee Abdulsamad ilikwaruza kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Mardhiya, kisha ikakatika. Redio yenyewe, Pye ya mfukoni, ilikuwa ndani ya mkoba wake, imelala kati ya kitana na bastola aina ya Beretta.

Mardhiya Soud alikuwa anakimbia.

Mbele yake Rover nyeusi ilikuwa imekwama Edgware Road nyuma ya basi jekundu. Alikuwa ameifuata kwa miguu tangu Marble Arch, baridi ya Novemba ikimng'ata masikio, na kila hatua ilimzidishia dharau kwa mtu aliyeketi kiti cha nyuma. Mtu mwenye siri ya kuua watu hupanda gari lisilotazamwa mara mbili. Huyu alipanda gari lenye nembo ya dhahabu mlangoni, kubwa kama sahani ya chai, na neno moja linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

FABIUS.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi lilisogea. Rover ikamshusha bwana wake mbele ya mkahawa wa Hajj Muhiddin, kisha ikakata kona na kuingia uchochoroni nyuma ya jiko. Mardhiya aliingia uchochoro ule ule kwa upande wa pili, akitembea polepole sasa, mwavuli mkononi.

Dereva alikuwa pande la mtu, bondia mstaafu. Chini ya kwapa lake kulikuwa na uvimbe, na ule haukuwa jipu. Alifungua mlango.

"Umepotea, bibie?"

"Kidogo," alisema Mardhiya, akamgusa pajani kwa ncha ya mwavuli.

Sindano ilikuwa fupi, dawa ilikuwa nzito. Jitu lile lilisinzia kabla kofia yake haijafika chini. Mardhiya alilisukumia ndani ya gari, akalichukulia bastola yake ya Browning, akaitupa kwenye pipa la maganda ya vitunguu. Kisha akajitengeneza nywele kwenye kioo cha Rover. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

"Dereva amelala," aliuambia mkoba wake.

"Mwache apumzike," alijibu Mzee Abdulsamad. Alikuwa Mlamu wa makamo, mchana karani wa meli, na kwa siri mkuu wa kituo cha London cha Idara. Idara ile iliundwa Nairobi kuwalinda watu wa Afrika Mashariki walioko ng'ambo, na haimo katika kitabu chochote cha simu. "Kumbuka. Usimpore. Akijua kitabu kimeibwa, kesho ataanza kingine. Kapteni anayekuja kukichukua lazima aondoke akiamini anacho."

"Nimekumbuka, Mzee."

Alikumbuka vizuri mno. Quintus Harrison ndilo jina alilobatizwa mtu yule, na baba yake alikuwa mchuuzi wa sabuni. Hilo la Fabius aliliokota kwa mtaalamu mmoja wa nasaba, aliyemwambia kwamba damu yake ni ya ukoo wa kale wa Roma. Tangu siku hiyo akawa hashikiki. Alichongesha pete ya muhuri. Muhuri ukapigwa kwenye sahani, kwenye leso, kwenye vifungo vya koti, na hata kwenye kola ya mbwa wake.

Wahindi wa Uganda walipopewa siku tisini wafungashe virago, Harrison aliunda Kamati ya Makaribisho. Ndege zikitua Stansted, yeye yupo, na blanketi, na kijitabu chekundu cha kuwafunza wageni adabu za Kiingereza. Kisha huja swali la huruma. Je, mmeacha ndugu nyuma? Wamejificha kwa nani? Tuandikieni, tutawasaidia.

Wakaandika. Mtu aliyepita vizuizi saba vya askari, aliyevuliwa bangili barabarani, akipewa blanketi na chai ya moto huandika.

Familia sitini na tatu. Majina yote Harrison aliyanakili katika kitabu kimoja chekundu, na saa tano kamili angekikabidhi kwa Kapteni wa usalama wa Kampala. Serikali ya Uingereza ilikuwa imemfukuza Kapteni huyo, naye alipaswa kupanda ndege ya saa saba. Harrison aliahidiwa shamba la chai la Wahindi waliofukuzwa. Kwa jani la chai, mjukuu wa Roma alikuwa anauza roho za watu.

Jikoni, Vasanti alikuwa amesimama kando ya sufuria kubwa, amevaa aproni juu ya sweta la msaada lililompwaya. Mumewe Chaman, mfamasia wa Jinja, alishushwa kwenye basi la Entebbe, akawatoroka askari, akafichwa darini na rafiki yake Zephaniah, mwalimu wa shule. Hayo Vasanti aliyaandika mwenyewe, na jina la mtaa, na rangi ya mlango.

"Vasantiben, dada yangu, bado unaweza kurudi kambini kwa wakimbizi wenzako," Mardhiya alimnong'oneza. "Hajj ataifanya kazi hii."

"Hapana, dada. Mimi niliandika kwa mkono huu. Mkono huu utafuta." Akauongeza moto chini ya sufuria. "Zephaniah ana watoto wanne. Mimi sikufikiri. Mimi nilisema, huyu mzungu ni gentleman."

"Wengi walisema hivyo."

Mardhiya alipita mlango wa mbele, akaketi meza ya jirani na Harrison. Alivaa koti la Burberry na ushungi wa hariri. Harrison alimtazama akamdhania mgeni wa Ghuba, mke wa mwenye visima vya mafuta, akamwinamishia kichwa. Angejua ni Mpemba aliyefika London mwaka sitini na nne na sanduku moja, asingeinamisha hata kope.

Koti lake Harrison alikuwa bado amelivaa. Mfuko wa kushoto umetuna kwa kitabu. Mkono wa kushoto uko juu yake.

"Pete nzuri," alisema Mardhiya kwa Kiingereza. "Ya ukoo wa Cornelius, bila shaka."

Harrison alishtuka kama aliyekanyagwa kidole chenye kidonda. "Fabius, madam."

"Aa. Wale wauza maharage?"

Shingo ya Harrison ilianza kuiva. Mwenye akili angenyamaza, akatazama saa yake ya Omega, akangoja mgeni wake. Lakini mtu wa aina hii unaweza kumtukania mama akacheka. Ukimkosea ukoo, hapati usingizi.

"Hawakuuza. Walilima. Jina lenyewe linatokana na maharage, ndiyo, lakini yalikuwa maharage ya heshima."

Hajj Muhiddin alifika na kuweka bakuli mbele ya Mardhiya. Ful, maharage makubwa ya kahawia, yamepondwa na kumwagiwa mafuta na bizari.

"Haya?" aliuliza Mardhiya.

Harrison aliyatazama kwa uchungu. "Haya haya," alikiri.

"Ukoo mtamu," alisema Mardhiya, akamega mkate. "Shuleni kwetu kulikuwa na Fabiani, mtoto wa fundi baiskeli. Alikuwa anauma wenzake. Ndugu yako?"

"Hilo ni jina letu limeanguka mikononi mwa watu. Miaka elfu mbili na zaidi, madam, na bado linatembea dunia nzima. Hapa hapa London kuna chama cha wasomi kimejiita kwa jina la babu yangu. Niruhusu nikuchoree."

Akageuza karatasi iliyotandikwa mezani, akatoa kalamu ya Parker. Mti wa ukoo ulihitaji mikono yote miwili, na mikono ya koti ilikuwa inazuia. Akalivua, akalitundika nyuma ya kiti.

Vasanti akaja na chai. Akaweka kikombe, akalichukua koti.

"I hang it, sir."

Harrison hakuinua macho. Kwake yeye aproni haina mtu ndani. Mwanamke yule alikuwa amesimama mbele yake Stansted wiki mbili nyuma, amepokea blanketi kutoka mikononi mwake, amelia. Hakumtambua hata kidogo.

"Watu mia tatu na sita," alikuwa akisema, kalamu ikikimbia. "Ukoo mzima, wote Fabius, walitoka peke yao kupigana na mji wa adui. Wakafa wote siku moja. Akabaki mmoja tu, mtoto, na sisi sote tumetokana naye."

"Yeye aliponaje?"

"Hakwenda vitani."

"Kwa hiyo mashujaa wote walikufa," alisema Mardhiya taratibu, "na nyinyi ni kizazi cha aliyebaki nyumbani."

Harrison alikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Mlango wa barabarani ukafunguliwa.

Kapteni. Miwani myeusi, suti mpya, na mkoba wa ngozi. Saa tano kasoro dakika kumi. Amewahi, na koti bado liko jikoni.

"Mzee," Mardhiya alinong'ona akiinamia mkoba, "mgeni amewahi."

"Mcheleweshe."

Kapteni alisimama mezani. "Kitabu," alisema. Hakusalimia.

Harrison aliinua makalio. Jikoni Vasanti alikuwa hajapata hata dakika mbili, na kwenye dari moja huko Jinja kulikuwa na mtu aliyejikunja akisubiri. Mardhiya aliogopa, na hasira ya kuogopeshwa na mapaka mawili kama haya ikampa sauti.

"Sawa, nenda," alisema. "Na huyo babu yako mwingine, yule mwoga aliyemkimbia jemadari Hannibal, sitauliza habari zake."

Harrison akaketi tena.

"Hakukimbia." Alimnyooshea Kapteni kidole kumwambia asubiri. "Alichelewesha. Hannibal alikuwa na tembo, madam! Babu yangu hakumpa vita. Alimzungusha milimani, akamchosha, mwezi baada ya mwezi. Roma ilipona kwa kuchelewesha tu. Hakuna adui mpumbavu kuliko anayekubali kucheleweshwa."

"Hilo," alisema Mardhiya, "nitalikumbuka."

"Bwana Harrison," alisema Kapteni, meno yamefungana, "mimi nina ndege."

"Ngoja, bwana. Niko kwenye milima."

Kapteni aliyezoea kuwangojesha watu kwenye vyumba vyenye damu ukutani alisimama katika mkahawa wa maharage akingojeshwa na tembo wa Hannibal.

Vasanti alirudi. Koti mkononi. Uso wake mkavu kabisa, ila nyusi moja ilikuwa imeungua ncha. Akalitundika kitini, akaondoka na kikombe kitupu.

Harrison akatia mkono mfukoni, akatoa kitabu chekundu. Jalada jekundu, muhuri wa Fabius wa dhahabu. Vijitabu vya adabu vya Kamati yake vilitoka kiwanda kile kile, kimo kile kile, kwa jalada lile lile. Mchapaji alimshauri vitofautiane. Yeye akasema kila kinachotoka mkononi mwa Fabius lazima kifanane.

Kapteni alinyoosha mkono. "Nione."

"Usikifungue." Harrison alitoa utepe na kijiti cha nta. Akakifunga kitabu kwa msalaba, akawasha kiberiti, akadondosha nta, akakandamiza pete yake taratibu, kama anayembariki mtoto. "Mkubwa wako ndiye avunje muhuri. Mbele ya mawaziri wake. Umwambie umetoka kwa Fabius."

Kapteni alitazama saa. Akakitupia mkobani, akatoka, akasimamisha teksi.

Mardhiya alikata kipande kingine cha mkate. "Ulikuwa unasema, milimani."

Na mtu yule akaendelea. Alipita milima, akapita maseneta, akafika kwa shangazi yake wa Bath. Chai ilibadilishwa mara tatu. Mardhiya alitikisa kichwa panapotakiwa, akimtazama kama mtu anavyotazama jogoo anayewika juu ya jalala.

Saa saba na dakika kumi na mbili, sikio likakwaruza.

"Ndege imeruka. Kapteni yumo. Mkoba umo pia."

Mardhiya alifuta vidole kwa leso.

"Bwana Harrison, kitabu chako kimeungua. Kiko chini ya sufuria hii ya ful tangu saa tano kasoro, ukurasa baada ya ukurasa. Ulichokipiga muhuri ni kile cha adabu. Kinaanza na namna ya kupanga foleni."

Harrison alicheka. Kisha akamwona Vasanti mlangoni mwa jiko, aproni imevuliwa, na safari hii akamtambua. Cheko likakauka.

"Dereva," aliita. "Dereva."

"Amelala. Kesho asubuhi muhuri wako utavunjwa mbele ya mawaziri. Mkubwa wao ataona amefanyiwa mzaha, na hao hawana ucheshi. Wana watu hapa London. Watakutafuta, na hawatapata shida. Jina liko kwenye mlango wa gari lako, kwenye vifungo vyako, hata kwenye mbwa."

"Nifanye nini?" Sauti ilikuwa ndogo, ya mchuuzi wa sabuni.

"Babu yako alibaki nyumbani. Wewe huwezi." Mardhiya alifungua mkoba, akaweka mezani fomu moja ya Kamati ya Makaribisho, ile ile waliyojaza watu Stansted. "Utahitaji kujificha kwa mtu. Tuandikie ni nani. Lakini anza juu hapo, jina la ukoo. Weka lolote, ila si hilo."

Akamsogezea kalamu yake ya Parker.

Vasanti alikuja hadi mezani. Akachukua blanketi la Kamati, lile alilopewa Stansted na kuja nalo begani, akaliweka juu ya paja la Harrison.

Nje, Mardhiya alifunga vifungo vya koti. Vasanti alimfuata hadi ukingoni mwa barabara.

"Dada, Chaman atajua lini?"

"Hatajua kitu. Atasikia tu kwamba leo hakuna aliyebisha hodi."

Sikio lilikwaruza. "Mwanangu, umekula?"

"Shikamoo yako, Mzee. Nimekula."

"Nini?"

Kioo cha mkahawa kilikuwa na ukungu. Nyuma yake, mtu mmoja alikuwa ameinamia fomu, kalamu hewani, haijagusa karatasi.

"Maharage," alisema Mardhiya, akazima redio, akamshika Vasanti mkono wakashuka stesheni.