Shikilia Mpaka Nikuambie

Mpiga picha wa hospitali alimwambia mumewe avute pumzi ndani ya mashine, na spika ikaleta pumzi mbili. Alipomwambia aachie, ilitoka moja.

Akajisemea ni uchovu.

Moyo wa mumewe ulikuwa na kovu. Daktari alikuwa amepandikiza humo seli changa kutoka kwenye uboho wa mdogo wa mgonjwa, zimepakwa vumbi laini la chuma ili mashine ya sumaku izione bila kumpasua mtu. Kwenye picha zilikuwa nukta nyeusi.

Mdogo mtu hakuwepo tena. Alifia ndani ya mashine hiyohiyo akipimwa, siku tatu baada ya kutoa uboho. Alikuwa mtu wa utani, kila akilazwa humo alibonyeza kipira cha kuomba msaada, kengele ikilia anacheka: "Nilikuwa nakusalimia tu, shemeji!" Siku ile mpiga picha alimwambia, "Vuta pumzi, shikilia mpaka nikuambie." Simu yake ikaita, akapokea. Kengele ikalia. "Leo hunipati," akasema, akaendelea kuongea. Aliporudi kwenye kioo cha kumtazamia mgonjwa, kifua cha shemeji yake kilikuwa kimejaa, na hakikushuka.

Hilo hakumwambia mtu, hata mumewe.

"Tazama hizi!" daktari alifurahi, akigusa nukta. "Zimeng'ang'ania moyo kama kucha. Zikiachia tu, mgonjwa hatuna." Akatoka akipiga mluzi.

Kengele ya kipira ikalia.

Mikono ya mumewe ilikuwa kifuani, mitupu; kipira kilining'inia ukutani, kimebonyea kana kwamba kimefumbatwa, na harufu ya chuma kilicholowa ikapenya chini ya mlango, ikapanda miguuni mwa mpiga picha mpaka kooni, huku nukta kwenye picha, ambayo ilikuwa imeshapigwa na haikupaswa kucheza, zikijikunyata pamoja na kutetemeka kama mtu aliyebana pumzi muda mrefu kupita kiasi.

"Shemeji," spika ikanong'ona. "Kaka umemwambia aachie. Na mimi je? Nimechoka."

Mpiga picha alimtazama mumewe nyuma ya kioo, mzima, shavu limeanza kurudiwa na rangi. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Bado kidogo, shemeji," akasema. "Shikilia mpaka nikuambie."