Kikaango cha Bure

Euphrasia hakupenda kuona chombo kikipotea bure. Sufuria iliyotoboka aliipeleka kwa fundi. Kopo la rangi likiisha, alipanda maua ndani yake. Ndiyo maana asubuhi ile, pale Katoro, aliketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya Donatus akiwa na kikaango cha chuma miguuni. Kikaango hicho kilikuwa cha bure, na vitu vya bure vilimfurahisha sana.

Alimwahidi binti yake Aneth kwamba wakikisugua kikatakata, watakaangia chapati.

Familia hii ilikuwa ngeni mjini. Walitoka Songwa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. William, mume wake, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa amepata kazi Katoro kwenye gereji inayotengeneza makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kwa sasa walijibanza kwa Donatus, binamu yake William. Donatus hakulalamika, lakini chumba walichopewa kilikuwa kimoja na kidogo. Tena Euphrasia alikuwa mjamzito, na tumbo lilikwisha kuonekana.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, walikwenda kuona nyumba. Ilikuwa na vyumba vitatu, sakafu ya vigae, umeme na ua mpana. Ilikuwa nyuma tu ya mwalo, mahali ambapo wachimbaji husaga mawe na kuosha dhahabu. Gereji ya William ilikuwa karibu na hapo. William alikuna kichwa na kuuliza kwa nini nyumba nzuri hivyo ina kodi rahisi. Euphrasia hakutaka kusikia. Moyoni alikwisha kuhamia na kutundika mapazia.

Tumwelewe. Alipokuwa mtoto kule Songwa, jioni alisimama mlangoni akitazama taa za Mwadui. Watu waliokaa ndani ya uzio, karibu na mgodi, walikuwa na umeme, maji ya bomba na hospitali. Kwao Euphrasia kulikuwa na kibatari. Msichana yule aliapa kwamba akikua, ataishi upande wenye taa. Sasa aliona zamu yake imefika.

Kikaango walikikuta jikoni mwa nyumba ile, juu ya jiko la mkaa. Mwenye nyumba alisema aliyehama alikiacha, wakichukue tu. Euphrasia alikichukua huku akishukuru.

Sasa alishika majivu na kutaka kuanza kusugua. Hapo akatokea Mama Ghati, jirani wa Donatus. Huyu alikuwa Mkurya wa Tarime, mhudumu wa afya wa mtaa, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa kuliko sauti yake. Euphrasia alimwamkia shikamoo. Mama Ghati aliitikia marahaba, akataka kupita, kisha akasimama.

"Mama Aneth, hicho kikaango umekitoa wapi?"

"Kwenye nyumba tunayohamia, kule nyuma ya mwalo."

Mama Ghati hakucheka. "Kiache hapo hapo. Usikisugue. Na mtoto asogee huku kwangu."

Euphrasia alivuta mkono. Alidhani ni kutu, akaeleza kwamba majivu yataitoa.

"Hiyo si kutu, mdogo wangu. Hiki ni cha kuchomea dhahabu. Wachimbaji huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu, vinakuwa donge moja. Donge hilo linawekwa kwenye kikaango juu ya moto. Zebaki inageuka mvuke, dhahabu inabaki."

"Basi si zebaki imekwenda zake?"

"Imekwenda wapi? Inaingia puani kwa aliye karibu. Nyingine inashika ukutani, darini na sakafuni, na ukipasha moto kikaango hiki inatoka tena. Mara nyingi huioni wala huinusi. Inaharibu ubongo na figo. Na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, na yule aliye tumboni."

Euphrasia aliweka mkono tumboni. Aliogopa kweli kweli. Bado kidogo angemkaangia Aneth chapati kwenye sumu. Na jiko alilokuwa akiliwazia kila siku ndimo wachimbaji walimochomea dhahabu.

Hata hivyo hakukubali mara moja, maana ndoto ya utotoni haifutiki kwa maneno ya asubuhi moja.

"Lakini kwetu, waliokaa karibu na mgodi ndio walioishi vizuri," alisema.

"Kwenu ni almasi. Almasi haikamatwi kwa zebaki. Tena mji ule ulipangwa. Mwalo huu umejiotea katikati ya nyumba za watu. Hiyo nyumba mliiona lini?"

"Jumapili. Palikuwa kimya na pasafi."

Hapo Mama Ghati akacheka. "Jumapili hata karasha linakwenda misani. Kesho tukaione siku ya kazi. Tutasimama barabarani, hatuingii ndani. Na mumeo awepo."

Alikifunga kikaango ndani ya mifuko ya plastiki ili akipeleke kwa bwana afya wa kata. Alionya kwamba vitu kama hivi havitupwi shimoni wala karibu na kisima. Kisha alimtaka Euphrasia anawe vizuri kwa sabuni, na akifika kliniki amweleze muuguzi yote bila kuficha. Euphrasia alinawa na kurudia kunawa. Mchana ule alikwenda kliniki. Muuguzi alimpima, akamwambia ni vizuri kwamba hawakukipasha moto, na akamwandikia tarehe ya kurudi.

Kesho yake walikwenda watatu. Aneth walimwacha na mke wa Donatus. Kabla hawajaiona nyumba, waliisikia. Karasha lilinguruma hadi William akalazimika kumsemesha mkewe sikioni. Majani ya mpapai wa uani yalikuwa yamefunikwa na vumbi jeupe. Maji ya kijivu kutoka mwaloni yalipita karibu na kisima, na watoto walikuwa wakiyachezea. Kwenye kibaraza cha jirani, mwanamume alichuchumaa mbele ya jiko. Mtu asiyejua angedhani anakaanga dagaa. Mtoto mdogo alisimama begani kwake akichungulia.

Mama Ghati alimwita yule mwanamume kwa jina. Alimwambia amtoe mtoto na azime moto, wazungumze. Mwanamume alimwinua mtoto na kumpeleka mbali. Ilionekana haikuwa mara ya kwanza kwao kuzungumza.

"Maji ya kisima hiki nikiyachemsha?" Euphrasia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Zebaki hakuiondoi."

William alitazama chini. Alisema tatizo ni kwamba amekwisha kumwambia mwenye nyumba kuwa wanahamia.

"Hujampa kodi," alisema Mama Ghati. "Mwambie kwamba mke wako amekataa. Wanaume wote wa mji huu wanaitumia sababu hiyo, na haijawahi kukataliwa."

William alicheka. Euphrasia hakucheka. Machozi yalimlenga. Aliitazama milango ya kijani ya nyumba ile, akaiaga kimyakimya. Kisha akageuka na kusema, "Kweli nimekataa. Twendeni."

Wakaanza kutafuta upya. Safari hii hawakuanza na vigae. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini walipoirudia jioni walikuta baa ya jirani imewasha muziki hadi masufuria yanatetemeka. Ya pili ilikuwa upande wa shule, mbali na mialo yote. Euphrasia hakumuuliza dalali chochote, kwa sababu dalali husifu hata nyumba isiyo na paa. Alikwenda bombani akapanga foleni na wanawake wa pale. Aliwauliza kama maji hutoka kila siku, watoto huchezea wapi, na mtoto akiugua wanamkimbiza wapi. Walimjibu yote, na mengine ambayo hakuyauliza.

Asubuhi nyingine alimshika Aneth mkono, wakatembea kutoka mlangoni mwa nyumba ile hadi shuleni. Hawakuvuka barabara kuu. Njiani walikutana na watoto wengine, na Aneth akafika akiwa amekwisha kupata rafiki. William naye alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza kama kuna mtu anayetaka kufungua mwalo jirani. Mwenyekiti alisema hakuna, na wakazi wamekubaliana wasikubali.

Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba viwili na sakafu ya saruji. Euphrasia aliumia kidogo kuvikosa vigae, halafu akasahau. William alinunua baiskeli ya kwenda kazini. Kwa wiki nzima alilalamikia kilima cha kurudi nyumbani, baadaye akaanza kujisifu kwamba kitambi kimepungua. Mama Ghati alimwekea sheria moja: aoge na kubadili nguo gerejini, asimbebe mtoto akiwa na nguo za kazi. Aliifuata, na Aneth ndiye aliyekuwa msimamizi mkali.

Mtoto alizaliwa salama katika kituo cha afya. Alikuwa wa kiume, mwenye sauti kama ya karasha, wakamwita Eliya. Mama Ghati alikuja kumwona akiwa na furushi. Ndani yake mlikuwa na kikaango kipya, bado kina karatasi ya dukani.

"Hiki si cha bure," alisema. "Bei yake ni chapati."

"Wabeja, dada," Euphrasia alishukuru kwa Kisukuma, na siku hiyo hiyo akalipa.

Jioni Euphrasia na Aneth waliketi nje, Eliya mapajani mwa mama yake, wakimsubiri William apande kilima. Mbali, bondeni, taa za mwaloni zilianza kuwaka. Euphrasia alizitazama kama alivyozitazama zile za utotoni, lakini safari hii hakuzitamani.

"Mama, kwenye taa zile ni wapi?" aliuliza Aneth.

"Ni kazini kwa baba."

"Na hapa?"

Euphrasia alimfunika Eliya miguu. "Hapa ni kwetu," alisema.