Paka Aliyesimama kwa Mguu Mmoja

Mtaa wetu hapa Mamallapuram, kusini mwa India, hauhitaji jogoo. Nyundo za wachonga mawe huanza kulia kabla watoto hawajapiga mswaki, na aliyezaliwa hapa hushtuka usingizini zinaponyamaza. Mwaka niliokuwa darasa la saba, asubuhi yangu ilikuwa na kazi mbili na mchezo mmoja. Nilifagia vumbi la mawe kizingitini ili Amma, mama yangu, apate mahali safi pa kuchora maua yake kwa unga wa mchele. Kisha nilimpelekea Appa, baba yangu, kahawa kwenye ua wake wa kazi. Hapo ndipo mchezo ulipoanza.

Appa aliweka kikombe chini, akachukua nyundo ndogo na kugonga jiwe lolote lililokuwa karibu.

"Vennila, linasemaje?"

Likilia kama kengele, nilijibu, "Zima." Likitoa sauti nzito ya kufa, kama mtu aliyepiga gunia la mchele, nilijibu, "Lina ufa." Ufa wa namna hiyo hauonekani kwa macho. Fundi anaweza kulichonga jiwe miezi minne, akafika kwenye pua ya sanamu, ndipo likamwachia vipande viwili mkononi. Na sanamu iliyovunjika haiingii hekaluni, hata uigundishe vipi. Nilianza mchezo huo nikiwa na miaka minne, na sikumbuki kukosea.

Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nilichokifanya nilikifanya kwa kutojua.

Kila mwezi wa Januari shule yetu hupokea wanafunzi wa shule za mbali. Tunawatembeza nusu siku. Wanaanza kwa kupanda kwenye mahekalu ya mapangoni, wanashuka kwenye mwamba mkubwa wenye michoro, na wanamalizia kwa mafundi mtaani kwetu. Anayewaongoza ni mwanafunzi mmoja tu, naye huvaa beji ya bluu mwaka mzima. Beji hiyo niliitamani tangu darasa la nne. Nilijua majina ya wafalme, idadi ya nguzo, na kila pango lilichongwa zamani za nani. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni yangu, na mwenye uhakika kuliko wote nilikuwa mimi.

Ndipo akaja Kuyili. Alihamia katikati ya mwaka kutoka Kumbakonam, kwa kuwa mama yake, muuguzi, alihamishiwa zahanati ya hapa. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, na kamba ya ndala yake moja ilikuwa imefungwa kwa waya. Nilikuwa nimemzidi miezi mitano, basi akaniita Akka, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. Nilimpenda, mpaka siku ya majaribio.

Siku hiyo Mwalimu Ponmani alitupeleka kwenye pango lenye sanamu ya ng'ombe anayekamuliwa. Nilianza mimi. Nilisema kwa dakika kumi na moja bila kujikwaa.

"Vizuri, Vennila," alisema Mwalimu, huku akimfukuza nzi.

Kuyili akasimama. Alimnyooshea ng'ombe kidole, akasema, "Mtazameni ulimi."

Tukatazama. Ng'ombe yule wa jiwe alikuwa amegeuza shingo, anamlamba ndama wake.

"Mtu anachukua maziwa," alisema Kuyili, "lakini ng'ombe hana habari naye. Yeye yuko na mwanawe."

Nilikuwa nimepita mbele ya ng'ombe yule maisha yangu yote, na sikuwahi kuuona ulimi wake. Hata mwuza dengu aliyekuwa akipita na sinia lake alisimama, akatazama, akasema, "Kumbe." Kuyili akapewa beji.

Nilipiga makofi pamoja na wengine. Lakini ndani nilishikwa na kijiba cha roho ambacho sikuwahi kukijua. Kilinikaa kooni wakati wa kula na kilinikaa kichwani wakati wa hesabu. Nikimsikia anacheka, niliona ananicheka mimi. Nikiiona ile ndala yake ya waya, nilisema moyoni, huyu asiye na ndala nzima ndiye aliyenipokonya haki yangu. Mawe ni ya kwetu. Babu yangu na baba yake walikuwa wachongaji. Yeye amekuja na basi juzi tu.

Siku tatu kabla ya wageni kufika, Kuyili alinifuata barazani wakati wa mapumziko. Alikuwa na daftari, na kikopo cha vitafunwa vya unga wa dengu alivyokaangiwa na bibi yake. Akanisogezea kikopo kwanza.

"Akka, mapangoni sina hofu," alisema. "Ila kwa mafundi naogopa. Ninyi ni watu wa mawe. Hivi mnajuaje kama jiwe ni zuri?"

Nilitafuna polepole. Nakumbuka vilikuwa vitamu.

"Unaligonga," nikasema. "Jiwe zuri ni lile lililo kimya. Likilia, ujue lina ufa ndani."

Kuyili alifikiri. Uso wake ukang'aa. "Kama mtu mwenye maumivu. Lile lililo zima halina cha kulalamikia."

"Ndiyo hivyo," nikasema.

Akaandika yote. "Asante, Akka. Bila wewe ningeaibika."

Nilichukua kitafunwa kingine.

Wageni walifika Jumamosi saa mbili asubuhi, wanafunzi arobaini kutoka Dindigul, pamoja na walimu wao watatu. Mwalimu Ponmani aliniweka nyuma niwahimize wanaochelewa. Mbele alitembea Kuyili na beji ya bluu kifuani. Mapangoni aliwafurahisha mpaka nikatamani mvua inyeshe. Kwenye pango la Mungu Mke aliyepanda simba, hakutaja mfalme hata mmoja. Aliwaambia tu, "Mtazameni yule adui mwenye kichwa cha nyati. Amebeba rungu kubwa, lakini miguu imeshaanza kugeuka. Yeye mwenyewe bado hajajua kwamba anakimbia." Wavulana wa Dindigul wakajaribu kusimama vile, mmoja akaanguka, wote wakacheka.

Kisha tukashuka kwenye ule mwamba mkubwa wenye tembo. Kuyili aliwaonyesha mtawa wa jiwe, mifupa mitupu, amesimama kwa mguu mmoja na mikono ameinua juu akiomba.

"Sasa tazameni chini, karibu na pembe za tembo," alisema. "Kuna mwingine anayeomba vilevile."

Walimtafuta, wakamwona. Paka amesimama kwa mguu mmoja, mikono juu, tumbo ndani kama mtawa kabisa. Miguuni pake wamekusanyika panya.

"Panya wamemwamini," alisema Kuyili. "Wanasema, huyu ameacha nyama, siku hizi ni mtu wa dini. Wamemkaribia wapate baraka. Naye anaomba kwa jicho moja. Jicho la pili linahesabu panya."

Watoto waliangua kicheko. Kuyili alinitafuta kwa macho kule nyuma, akanitabasamia, kwa kuwa alitaka nami nifurahi. Nilinyanyua mkono kumpungia, na mara nikauona mkono wangu ulivyo juu. Nikaushusha haraka. Vile vitafunwa vya bibi yake nilivikumbuka mdomoni, na safari hii havikuwa vitamu.

Ningeweza kumwita pembeni. Kutoka kwenye mwamba hadi mtaani kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Nilitembea dakika zote kumi nikijiambia kwamba nitamwita tukifika kwenye kona ile, kisha kona ile nyingine. Tukafika.

Appa alikuwa ameweka mawe mawili chini ya kivuli cha mabati na kufuta vumbi kwenye benchi. Pembeni yake alikaa Fundi Irulappan, rafiki yake, mtu wa utani. Kuyili aliwaamkia kwa viganja vilivyokutana, akaomba nyundo, akawageukia wageni.

"Fundi hulisikiliza jiwe kabla ya kulichonga," alisema. Akagonga la kwanza. Likalia kama kengele. "Mnasikia linavyolia? Hili lina ufa ndani, linaumwa." Akagonga la pili. Likatoa ile sauti ya gunia. "Hili limetulia. Hili ndilo zima."

Nyundo zote za ua zilisimama. Kisha Fundi Irulappan akacheka mpaka akakohoa.

"Binti, somo hilo ulifundishwa na nani, na mpishi wenu? Ukinichongea mimi mungu kwa jiwe hilo la pili, nitamwabudu kichwa huku na tumbo kule."

Mafundi wakacheka, wanafunzi wa Dindigul nao wakacheka, wale wale waliokuwa wakimshangilia. Kuyili alilitazama daftari lake kama limeandikwa na mtu mwingine. Masikio yalimwiva kwa aibu. Mwalimu Ponmani alimsogelea.

"Hukumuuliza mtu, Kuyili? Kwenye ua wa fundi mkubwa kama huyu?" Aliitoa beji kifuani pake bila ukali, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akaniita. "Vennila, njoo utumalizie. Wewe ni mtoto wa hapa."

Akanibandika ile beji. Niliisubiri miaka mitatu, na nilipoipata nilitamani pini yake inichome.

Appa hakucheka. Alimwinamia Kuyili. "Mwanangu, kosa hili halitoki hewani. Nani alikuambia hivyo?"

Kuyili alilifunga daftari lake. Hakuniangalia hata kidogo, nikajua kwamba ameshaelewa kila kitu.

"Nilisikia vibaya, Mjomba," alisema. "Kosa ni langu."

Appa alinyooka, akanipa nyundo, kama kila asubuhi. Niligonga jiwe la kwanza. Likalia safi ua mzima.

"Linasemaje?" akauliza.

Jibu la neno moja nililolitoa tangu nikiwa na miaka minne lilikataa kutoka. Watu zaidi ya hamsini walinisubiri.

"Ni zima, Appa," nikasema. "Na Kuyili hakusikia vibaya. Mimi ndiye niliyemwambia kinyume. Nilifanya kusudi. Nilitaka beji."

Niliing'oa ile beji, nikashindwa kuifungua pini vizuri, nikachana shati. Nikampelekea Kuyili. Alikuwa analia, na hakuipokea upesi.

"Nilikupa vitafunwa vya bibi yangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Ukala vitatu."

"Najua. Nisamehe."

Aliipokea. Hakusema amenisamehe, na hilo lilikuwa haki yake. Alijipangusa macho, akaligonga tena lile jiwe la kwanza, akawaambia wageni, "Basi sikilizeni upya. Zuri ndilo linaloimba." Fundi Irulappan akamfundisha kutofautisha milio huku amefumba macho, na alipopatia mara tano mfululizo, yule mzee wa utani ndiye aliyeanza kupiga makofi. Ziara ikaisha vizuri kuliko ilivyoanza.

Wageni walipoondoka, Appa aliniketisha kwenye benchi, akamwita na Kuyili aketi.

"Wivu hukuuanzisha wewe," aliniambia. "Mtaa mzima huu tuna wivu. Mimi namwonea wivu Irulappan kwa sababu ya vidole vya sanamu zake. Vidole vyake utadhani vitasogea. Lakini niliupeleka wivu wangu kazini kwake, nikaketi, nikatazama anavyoshika tindo, nikajifunza. Sasa na vya kwangu vinatazamika. Wewe uliona mwenzako ana macho ya kuona ulimi wa ng'ombe. Ungemwambia, nifundishe kutazama. Badala yake ukataka kumvunja. Hebu niambie, angevunjika yeye, macho yake yangehamia kwako?"

"Hapana, Appa."

"Wivu wa namna hiyo ni ufa. Hukaa ndani, nje uso unang'aa, mpaka siku unapogongwa." Akalipangusa lile jiwe la pili kwa kiganja. "Ila kuna tofauti moja. Jiwe lenye ufa halijisemi, na wewe umejisema mbele za watu. Kwa hiyo bado unachongeka."

Adhabu yangu aliichagua yeye. Alinipa kipande cha jiwe laini na tindo ndogo, nichonge paka aliyesimama kwa mguu mmoja, kwa mikono yangu, nimpelekee Kuyili. Ilinichukua wiki sita. Nilivunja sikio la wa kwanza na mkia wa wa pili. Wa tatu alitoka amepinda kidogo, lakini alisimama. Jioni kadhaa Kuyili alikuja kunitazama nikichonga, mwanzoni kwa mbali, baadaye akaketi benchi lile lile.

"Jicho la pili umelifungua mno," alisema siku moja. Nilitazama vizuri. Alisema kweli, nikarekebisha.

Paka yule anakaa juu ya dawati lake mpaka leo. Mwenzetu yeyote akisifiwa darasani nami nikaanza kununa, Kuyili humgeuza paka wake taratibu anitazame.

"Akka," huninong'oneza, "panya wako salama leo?"

"Wako salama," humjibu. "Leo paka ameshiba."