Mluzi wa Bombani

"Mpige mdomo! Huo mdomo ndio unaosumbua!"

Nilikuwa kifudifudi kwenye matope, Gitega, jioni, mvua imetoka kukatika…

Fimbo ya kwanza ilinipata mgongoni. Iliyofuata ikanipasua kichwa. Halafu wakanigeuza, na nyingine ikanichana mdomo wa juu. Jamani, damu yako mwenyewe ina chumvi!

Walikuwa wanaume watatu, wamejifunga vitambaa usoni. Hawakutaka begi wala simu.

"Kesho hufiki kwenye kikao!" mmoja akasema, akanikanyaga mkono.

Mara taa ya baiskeli ikatokea kwenye kona. Yule ambaye hakuwa amesema neno muda wote akapiga mluzi. Mrefu, mrefu, mfupi.

Wakakimbia.

Na mimi kabla sijazimia nikashtuka… Ule mluzi nilikuwa naujua!

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana wengine humu mnaruka mistari halafu mnakuja kuniuliza kwenye komenti.

Naitwa Adventina. Kwetu ni Muyinga, Burundi, ila nimekulia kambini, Ngara, upande wa Tanzania. Amani iliporudi tukapakiwa kwenye malori, tukavuka mpaka pale Kobero, mama analia, mimi nacheka. Nikapata chuo Gitega. Wenzangu wakanichagua niwe delege wa masomo: mtihani ukiwa na kasoro, mwalimu asipoingia darasani, mimi ndiye wa kwenda kuwabishia hodi wakubwa.

Kasoro ikaja kweli. Sisi tuliorudi tulisoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Chuo kikatuahidi kwamba maswali ya mtihani wa mwisho yatakuwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Siku ikafika… Kifaransa kitupu! Karibu warejea wote tukafeli, na pale aliyefeli anafukuzwa.

Kikao cha wakuu wa chuo kikapangwa Jumatatu. Delege asipofika kusema mwenyewe, lalamiko limekufa.

Nilitaka kitu kimoja tu: mtihani urudiwe, darasa zima. Tukirudia sisi peke yetu, watasema vyeti vyetu ni vya huruma.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Kasiano, kijana wa Mutaho ambaye hakuwahi kutoka Burundi, alisimama mbele ya darasa.

"Weye Adventina! Mi nilisoma, nikapita. Sasa nirudie examen juu ya Watanzania? Kama hamujui Kifaransa, mulirudi kufanya nini?"

"Tulirudi kwetu, Kasiano."

"Basi utaona!"

Kila mtu alisikia.

Upande wangu nilikuwa na Happy. Huyo hakuwa rafiki, alikuwa kaka. Kambini tuliishi bloku moja, mama zetu wakichota maji kwenye bomba moja. Na kati ya warejea, yeye alifaulu! Happy, ambaye Kifaransa chake kiliishia kwenye bonjour! Tulimbeba juu juu kwa furaha, hakuna aliyemuuliza kitu.

"Dada, komaa nao," aliniambia. "Ila kwa nini darasa zima? Omba warudie waliofeli."

"Haki haikatwi vipande, Happy."

Akachukua begi lake, akatoka.

Jumapili hiyo nilikuwa Muyinga kumsalimia mama. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, tulirudi ili tulale, si ili upigane." Nikamcheka, nikapanda basi. Nikiwa njiani Happy akapiga simu.

"Umefika wapi, dada? Ukishuka, katiza kule kwenye mikaratusi, utawahi kufika."

Nikakatiza…

Nilizinduka asubuhi hospitalini. Muuguzi akaniambia nililetwa na kijana mwenye baiskeli, akaniacha akaondoka bila kutaja jina. Kabla sijauliza zaidi, Paskazia, ninayelala naye chumba kimoja, akaingia anahema.

"Adve, amka! Wamemukamata Kasiano! Shati yake iko na damu! Wanamuua!"

Shati lina damu… Mungu wangu. Kijana mwenye baiskeli!

Nilitoka pale peku, bandeji kichwani.

Kwenye uwanja wa chuo warejea walikuwa wamemzunguka Kasiano, mawe mikononi. Alikuwa amepiga magoti, jicho moja limefumba, damu inamchuruzika puani. Na aliyekuwa mbele yao, fimbo juu, ni Happy.

"Damu ya dada yetu hiyo! Tummalize!"

"Mi sikumupiga!" Kasiano alilia. "Mi nilimubeba!"

Fimbo ikatua begani kwake. Kitu kikalia ndani.

Nilijaribu kupiga kelele. Mdomo ulikuwa na nyuzi, sauti ikafia kooni.

Ndipo nilipokumbuka bomba. Kambini maji yalitoka bila kubisha hodi. Aliyekuwa karibu alipiga mluzi, mrefu, mrefu, mfupi, na bloku yetu nzima tunakimbia na ndoo. Kila bloku ilikuwa na mluzi wake. Na chuo kizima, waliotoka bloku ile tulikuwa wawili tu. Mimi na Happy.

Nikaweka vidole mdomoni. Nyuzi zikakatika, damu ikanijaa… nikapiga!

Happy akageuka na kuanza kukimbia kuja kwangu, mbio kabisa, kama mtoto anayeogopa kukosa maji. Wengine wote walibaki wamesimama wananishangaa.

Halafu akaniona. Fimbo ikamdondoka.

"Happy… jana kule kwenye mikaratusi ulimwita nani?" nikanong'ona.

Akapiga magoti.

"Dada, nisamehe… Ule mtihani alinifanyia mtu. Ukirudiwa, mimi nimekwisha. Niliwaambia wakutishe tu!"

Mtu akapiga kelele, "Basi tummalize huyu!"

Jiwe la kwanza likampata usoni. Nikamwangukia juu, la pili likanipata mimi mgongoni. Sikumpenda saa ile, msinielewe vibaya. Nilimchukia kabisa. Lakini kama tunaanza tena kuuana uwanjani, yale malori yalituleta wapi?

Nikasikia mtu anasimama juu yetu. Alikuwa Kasiano, mkono mmoja unaning'inia.

"Muache. Damu imetosha."

Mawe yakashuka.

Niliingia kwenye kikao na Kasiano, gauni limelowa damu. Sikuweza kusema tena, mdomo umevimba. Wakubwa wakatazamana… lalamiko linakufa hivyo! Nikamshika Kasiano, nikamsukuma mbele. Akanitazama, akapumua.

"Delege anasema examen irudiwe, darasa zima," akasema. "Na mi nitarudia."

Ikarudiwa. Tulifaulu wengi, na Kasiano akaongoza.

Ndugu zangu, anayekutukana mbele za watu hukufundisha kujihadhari. Anayekuuliza umefika wapi ndiye wa kumchunguza. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Happy alifungwa, akatoka. Sasa yuko Muyinga, analima. Mama zetu bado wanachota maji pamoja, na maji yakitoka, yeye huenda nyumba hadi nyumba kuwaambia watu kwa mdomo.

Hapigi tena mluzi.