Jina Lililoachwa Kichuguuni

Jumamosi ile ilikuwa siku ya kawaida. Tulikula wali na ngisi nyumbani kwa mpwa wangu Hemedi, pale Ufukoni, tukasali Magharibi, kisha tukaenda kutazama maonyesho ya sanaa ya taa katika bustani ya mimea iliyo njia ya Ziwani. Tulikuwa Hemedi, mkewe Saumu, binti yao Aisha aliyeanza darasa la kwanza, na mimi, kaka wa marehemu Mariamu, mama yake Hemedi.

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto. Mimi ndiye niliyempeleka Hemedi jandoni, na jina la Hemedi nilimpa mimi siku alipotoka. Jina alilozaliwa nalo lilibaki katika likumbi, kile kibanda cha wanaotahiriwa, nacho kikachomwa moto. Wavulana hukimbia kurudi nyumbani bila kutazama nyuma. Tangu hapo, kumwita mtu kwa jina lake la utotoni ni tusi. Sitaliandika hapa.

Bustani ilipendeza. Mikorosho ilivishwa taa za buluu, mianzi ikamwagiwa mwanga wa kijani, watu wakapiga picha. Karibu na mwisho wa njia palikuwa na kichuguu kirefu, na mbele yake ua la plastiki, pana kama sinia la pilau. Kibao kilisema: Litamkie jina lako, litawaka.

Kichuguu kile nilikitambua. Kabla ya ukuta kujengwa pale palikuwa pori, na likumbi la akina Hemedi lilichomewa ubavuni mwake.

Aisha alitamka jina lake, ua likawaka rangi ya waridi. Saumu akatamka lake, likawaka manjano. Hemedi akainama.

"Hemedi."

Ua likabaki jeusi. Akarudia kwa sauti zaidi. Giza.

"Hata taa hazikujui, Baba Aisha," Saumu alimtania. "Mke unaye, jina huna."

"Ngoja. Labda linalijua lile la zamani."

"Hemedi," nilimwambia, "hilo liache lilipo."

"Mjomba, hii ni plastiki na betri. Mzimu gani wa kuchajiwa?"

Akalitamka.

Ua liliwaka jeupe. Taa nyingine zote zikazimika, bustani nzima. Nikasikia harufu ya nyasi za paa zinazoungua. Hapakuwa na moto. Hemedi alinyooka. Akavua viatu, akavipanga pamoja. Kisha akakimbia.

"Hemedi!" Saumu aliita. "Hemedi!"

Hakutazama nyuma.

Tulimkuta nje ya lango, amechuchumaa. Miguu yake ilikuwa na majivu hadi magotini.

Tangu usiku ule haitiki jina la Hemedi. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Shehe alimsomea, alisikiliza kwa adabu, kama mtoto wa madrasa. Hasemi neno ila kumwuliza Saumu, kwa Kimakonde cha watoto, mama Mariamu atarudi lini kutoka shambani. Siku moja nilisimama nyuma yake nikanong'ona lile jina la utotoni, mara moja tu. Aligeuka upesi. Akatabasamu.

"Babu," Aisha aliniuliza sikioni, "huyu mgeni ataondoka lini? Baba akirudi atalala wapi?"

Maonyesho yalipokwisha, mlinzi wa bustani alikuja Ufukoni kwa baiskeli. Jina lake Bernardino, mtu wa Mahurunga. Nyuma alikuwa amefunga kiroba.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa nilitupe ua hili, nimeshindwa. Waya nimekata. Betri hii hapa." Akanionyesha kiganjani. "Sasa wewe liite. Kwa lile jina ambalo mke wa yule aliyekimbia alikuwa akiliita kwa kelele hadi langoni."

"Hemedi," nikasema.

Ndani ya kiroba mwanga ukaja. Hafifu, mwekundu kama kaa la moto.

Bernardino hakutaka hata maji. "Mimi nalipwa kulinda miti, mzee," alisema, akapanda baiskeli yake.

Tuliwapeleka wote wawili kichuguuni, mtu na ua. Nikamwaga unga wa tambiko, nikampa jina upya, maneno yale yale ya siku alipotoka jandoni. Ua likawaka. Yeye akacheka tu, akachezea unga kwa kidole.

Sasa ua liko juu ya kabati, sebuleni. Saumu amelifunika kwa kanga.

Jana jioni mtu yule alikuwa mkekani akila muhogo wa kuchemsha, nami nimekaa karibu. Aisha aliingia mbio kutoka madrasa, akajikwaa kizingitini, goti likachubuka.

"Baba!" alilia.

Mtu wa mkekani hakuinua uso. Aliendelea kutafuna.

Juu ya kabati, chini ya kanga, ua liliwaka.

Aisha akaacha kulia. Akaenda kuvuta stuli hadi kwenye kabati.