Zamu Isiyopokelewa

Mimi ni trafiki hapa Lima. Kwetu hakuna anayeacha lindo hivihivi. Anayekuja husema, "Nakupokea." Anayeondoka hujibu, "Nakuachia." Hata kama umebanwa na haja, husogei kabla ya maneno hayo.

Jioni ile nilikuwa nimeshavua glovu. Nilitaka kupitia keki ya binti yangu Yadira, aliyekuwa anatimiza miaka tisa. Afande Zevallos, mpanga zamu wetu, akanidaka mlangoni.

"Nélida, mwanangu, niokoe. Njia panda ya sokoni haina mtu."

"Afande, jana mimi, leo mimi! Kwani wenzangu wameyeyuka?"

"Mmoja anaumwa, mwingine kajifungua, mwingine kahamishwa. Magari tu ndiyo hayaugui."

Nikaenda huku nasonya.

Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa Juni unaolowesha kofia bila mvua. Katikati ya njia panda alisimama trafiki, mwanamke, mkono juu. Magari yametulia pande zote nne.

Hakuna honi. Lima, bila honi!

Hapo ndipo ningepaswa kugeuka nirudi. Lakini nilidhani Zevallos amejichanganya, kama kawaida yake, na dada wa watu alionekana hoi. Huruma ikaniingia. Nilipomkaribia nikasikia harufu... ya maua yaliyooza na nta ya mishumaa.

"Pole, dada. Nakupokea."

Akageuka polepole. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Akanong'ona:

"Nimengoja mno... Nakuachia."

Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Kufumba na kufumbua, hayupo.

Honi zikarudi zote kwa mpigo. Pembeni, Mama Eufemia, muuza maji moto ya mitishamba, akapiga ishara ya msalaba. "Unaongea na nani, mwanangu? Mbona uko peke yako?"

Nikabonyeza redio. "Afande, niliyempokea hapa ni nani?"

Sauti yake ikaja kwa mikwaruzo.

"Umpokee nani? Kabla yako, hapo sijapanga mtu wa jioni tangu mwaka jana, basi lilipomgonga mwenzenu akafa. Alikuwa anasubiri wa kumpokea. Mimi... nilisahau kumpangia."

Giza lilipokolea mkono ukashuka wenyewe, nikarudi nyumbani na keki bila kupokelewa, nikidhani yamekwisha. Kesho yake jua lilipozama, namenya viazi jikoni, mkono ukapanda. Miguu ikaganda sakafuni. Nje, barabarani, magari yote yakasimama.

Ikawa hivyo kila jioni, hadi giza likolee. Padri alininyunyizia maji, haikusaidia. Mganga wa kutoka milimani akanisugua mwili mzima kwa simbilisi hai, yule mnyama mdogo anayesemekana kufyonza maradhi. Simbilisi akafia mikononi mwake, naye akakataa malipo.

"Hutoki mpaka mtu akupokee, nawe umwachie," akasema.

"Mtu gani, baba?"

"Yeyote atakayekuhurumia."

Nililia njia nzima.

Wiki iliyopita mkono ulipanda tena. Yadira alinitazama, machozi yanamtiririka. Akachukua glovu zangu, zikamfika viwikoni. Maneno ya kazini kwangu anayajua tangu ananyonya. Akaja kusimama mbele yangu.

"Mami, umechoka. Nakupokea."

Neno likapanda kooni. Sikuliita mimi. Likafika kwenye meno... Nikajiziba mdomo kwa mkono wa pili, nikauma ulimi mpaka damu ikatoka.

Nikalimeza.

Tangu siku hiyo sijamwambia mwanangu hata neno moja, maana nikifungua mdomo mbele yake najua litakalotoka. Anadhani nimemkasirikia. Kila jioni huja na glovu zile, ananisihi nimsamehe, ananisihi nimjibu.

Na jua la leo ndilo hilo, linazama.