Ngozi Iliyogoma Kufa

Idalina alishuka basi mjini Boston saa kumi na nusu jioni, jua la Januari likizama, kakumbatia chupa ya supu ya maharage na kabichi aliyompikia mumewe. Roho yake ilikuwa nyepesi. Daktari alikuwa ameahidi kwamba leo ile ngozi ingebanduliwa.

Ngozi ya nguruwe, jamani. Mumewe, Hermano, aliungua kwao Fall River, mji wenye Wareno wengi kusini mwa Boston, siku ya kuchinja nguruwe wa mwaka, sufuria la mafuta yanayochemka lilipompindukia kifuani. Kidonda kilikuwa bado hakijawa tayari kupokea ngozi yake mwenyewe, basi madaktari wakambandika ya nguruwe aliyebadilishwa vinasaba, ili mwili usiikatae upesi.

"Ni ya muda tu," daktari Whitcomb aliwaambia. "Kama turubai juu ya paa lililoezuliwa. Baada ya wiki moja hivi itakufa, tutaibandua, tutaweka yake. Isipotoka, kidonda kitaoza chini yake, na huyu hatapona."

Hii ilikuwa wiki ya tatu.

Harufu ilimpokea mlangoni mwa wodi. Si ya dawa... ya zizi. Mama mkwe wake, bibi Urânia, alikuwa kakaa kando ya kitanda, kaziba pua kwa kitambaa.

"Mwanangu, usisogee," alinong'ona. "Imeota."

"Imeota nini, mama?"

Bibi kizee akafunua shuka.

Manyoya.

Meupe, magumu kama ya brashi, yamechomoza kwenye nyama ya waridi inayotoka jasho la mafuta. Na chini ya chuchu ya Hermano ilikuwa imejitokeza nyingine. Chini ya hiyo, nyingine tena. Idalina alimeza matapishi yake, yakarudi, akayameza tena. Kinyaa cha namna ile hakuwahi kukiona maishani, naye utumbo wa nguruwe kauosha tangu utotoni.

Daktari alikuja na koleo lake dogo, akavuta ukingo. Ngozi ikang'ang'ania. Ikatoka damu mbichi, nyekundu.

Halafu ikatetemeka... kama inayofukuza nzi.

"Ilitakiwa iwe imekufa zamani," daktari alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika wowote.

Bibi Urânia akasimama. Kwao Wareno, mtu akimwonea huruma nguruwe aliye chini ya kisu, nguruwe hafi. Mwenye huruma hufukuzwa uani palepale, hata awe mgeni wa heshima.

"Kuna mtu humu anaionea huruma," alisema. "Ni wewe, Idalina! Wewe na machozi yako ya rejareja! Toka!"

"Mimi? Mama, mimi naona kichefuchefu mpaka kisogoni!"

Na kweli tupu alikuwa anaisema.

Kisha wakasikia kwikwi.

Hermano alikuwa analia. Mkono wake ulikuwa ukiyapapasa yale manyoya, taratibu, kwa mapenzi.

"Msiitie kisu," alinong'ona. "Maskini... ina joto. Inanitegemea mimi."

Bibi Urânia akamwacha Idalina, akamkazia macho mwanawe.

"Mlaze," bibi kizee alimwambia daktari. "Akilala hawezi kuihurumia." Daktari hakuyaamini mambo hayo, lakini nusukaputi ilihitajika vyovyote vile.

Asubuhi wakamlaza. Ngozi ikatoka kwa mvuto mmoja, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Wakakwangua utando mwembamba wa ngozi pajani mwa Hermano mwenyewe, wakamfunika nao kifua. Idalina alilia kwa furaha pale koridoni, akamkumbatia mama mkwe, wakacheka kama wendawazimu wawili.

Siku ya tano akaitwa.

"Ile tuliyoitoa pajani imekuwa nyeusi," daktari alisema, hamtazami usoni. "Inachuruzika usaha. Mwili wake unaikataa kama ya mgeni."

"Lakini si ni yake?"

"Ni yake. Tumepima mara tatu." Akajifuta jasho. "Labda mwili ulizoea ile nyingine... Sijui, mama. Kweli sijui."

Idalina akaingia. Hermano alikuwa macho, katulia, anamtazama kwa macho yaleyale aliyomposea. Akauangalia utando mweusi kifuani pake, mdomo ukampinda kwa kinyaa.

"Mke wangu," alisema, "waambie waondoe huu uchafu. Wanirudishie ngozi yangu."